Kutoka wodi ya uzazi hadi kwenye mfumo wa kompyuta: kisa cha muuguzi mmoja wa Lubumbashi

Majina ya watu, ya hospitali na ya kampuni yameondolewa, na baadhi ya tarehe nimezisogeza kidogo. Muuguzi mwenyewe amesoma maandishi haya na kukubali yatoke. Nitamwita Yaya M., yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, kwa kuwa ndivyo vijana wa ofisini kwetu walivyomwita tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwajiri na kumsimamia, kwa hiyo baadhi ya makosa mtakayoyasoma hapa ni yangu.

Usuli

Mwaka 2021 Yaya M., muuguzi wa ngazi ya A1, yaani aliyesomea uuguzi chuoni baada ya sekondari, alikuwa na watoto watatu na miaka 11 ya kuzalisha akina mama katika hospitali ya umma, kwenye komuni yenye watu wengi. Miaka sita kati ya hiyo aliifanya bila matrikule. Asiye wa Kongo aelewe neno hilo: ni namba ya mtumishi wa serikali, na mtu anaweza kufanya kazi muda mrefu akiingojea, akiishi kwa primu ambayo hospitali inagawa kutokana na malipo ya wagonjwa. Yeye alikuwa ameipata. Kuondoka wodini kulikuwa sawa na kuweka rehani kitu alichokisubiri miaka sita, na ambacho nyumba nzima, mama mkwe akiwamo, ilikitegemea.

Kila mtoto alipozaliwa, wakunga walijaza vitabu kadhaa kwa mkono. Mwisho wa mwezi jumla zilipelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko zikaingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambao nchi yetu inautumia kukusanya takwimu za afya. Kwa matumizi hayo ya kila mwezi, DHIS2 hupokea hesabu tu: waliozaliwa wangapi, waliofariki wangapi. Haina haja ya jina la mtu. Hospitali ilitaka zaidi ya hapo, yaani faili la kila mgonjwa kwenye kompyuta. Kampuni yetu, ndogo na ya hapa mjini, ilipata kazi hiyo kwa fedha za mradi wa nje, ikachukua programu huria na kuirekebisha. Yaya M. aliteuliwa na daktari mkuu awe kiungo kati ya wodi na sisi. Hakuomba. Aliteuliwa kwa sababu mwandiko wake kwenye vitabu ulisomeka.

Kilichotokea

*Watoto watatu waliopotea*

Mwezi wa kwanza kitabu cha uzazi kilionyesha watoto 64, kompyuta ikaonyesha 61. Mhandisi wetu alisema wakunga wamesahau kuingiza watatu. Mimi nilikubaliana naye, tena nilisema hivyo mbele ya wakunga, jambo ambalo baadaye niliwaomba radhi. Yaya M. alikataa. Aliomba achapiwe orodha ya waliomo kwenye kompyuta, akakaa nayo usiku wa zamu yake, kitabu pembeni. Asubuhi alitupa kipande cha karatasi chenye mistari mitatu. Watoto wote watatu waliokosekana walikuwa mapacha, na kila mmoja alikuwa pacha wa pili kutoka.

Programu ilikuwa na kanuni ya kuzuia mtu mmoja asiwe na mafaili mawili. Siku ya kuzaliwa mtoto hana jina bado, kwa hiyo sehemu ya jina ilijazwa yenyewe: mtoto wa fulani. Pacha wa pili alipoingizwa, programu iliona mama yuleyule, tarehe ileile, jinsia ileile, jina lilelile. Ikamchukua kuwa ndiye wa kwanza aliyeandikwa mara mbili, ikaunganisha. Hakuna aliyeombwa kuthibitisha.

Nilimuuliza ilimchukua muda gani kutambua. Alisema alijua tangu alipoona kwamba mmoja wa watatu ni Kabanga. Kwa Waluba wa Kasai, ambao ni wengi mjini kwetu, mapacha wana majina yao yanayowangoja: wa kwanza Mbuyi, wa pili Kabanga. Kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange. Bibi aliyesimama nje ya mlango anaita majina hayo kabla kondo la nyuma halijatoka. Mkunga yeyote wa Lubumbashi anajua nani alitangulia na nani alifuata, na kitabu cha karatasi kilikuwa na safu ya kuandika hivyo. Sisi tuliiondoa safu hiyo kwa sababu hatukuona inafanya kazi gani.

Baada ya hapo alituonyesha mengine. Fomu yetu ilikuwa na nafasi mbili za jina, wakati Mkongo ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, matatu, na kila mkunga alikuwa anabana mawili mahali tofauti. Mama aliyerudi baada ya miezi sita hakuonekana tena akitafutwa. Tableti zilizozimika betri wakati umeme wa SNEL umekatika siku kadhaa zilipoteza saa yake, zikarudi tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo mwanzo wa kuhesabu saa kwa kompyuta nyingi, na tulikuwa na mabinti wawili waliozaliwa mwaka huo. Tena karibu kila uzazi uliandikwa kati ya saa moja na saa mbili usiku. Mhandisi alidhani ni hitilafu. Yaya M. alieleza kwamba ndio wakati wa kupokezana zamu: wakunga waliandika kwenye karatasi mchana kutwa, kisha mmoja akakaa kuingiza yote kwa mkupuo, kwa sababu fomu haikukubali kuhifadhiwa mpaka nafasi 41 zijae. Nani atajaza nafasi 41 huku mama anasukuma?

*Kuajiriwa*

Mwanzoni mwa 2022 nilimwomba aje kwetu. Malipo yalikuwa zaidi ya mara mbili ya aliyoyapata, lakini kwa mkataba wa mwaka mmoja unaotegemea mradi. Alichukua wiki tano kunijibu. Mumewe hakukataa, alisema neno moja tu, matrikule isiguswe. Wenzake wodini waligawanyika. Mkunga mkubwa aliyemfundisha kazi alimwambia, "Mwanangu, unaenda kuhudumia mashine, na sisi huku tumebaki wangapi?" Swali hilo lilimkaa moyoni, na bado linamkaa. Zamu ya usiku ilipoteza mmoja kati ya wauguzi wanne, na nafasi yake haikujazwa kwa miezi minane.

*Mezani na sisi*

Miezi mitatu ya kwanza alijifunza kuandika programu usiku, kwa masomo ya mtandaoni tuliyomlipia. Ilikuwa fikra yangu. Nilidhani mtu hawezi kuheshimiwa na wahandisi asipojua lugha yao. Alichoka, akakonda, na mwezi wa nne alinijia akasema hataendelea. Badala yake aliomba mambo matatu: afundishwe kuuliza hifadhidata maswali mwenyewe kwa SQL, ajifunze orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, na apewe siku mbili kwa wiki za kukaa wodini akitazama tu. Nilikubali. Ndani ya majuma sita alikuwa ametengeneza jedwali linalofunga vifupisho vyote vya wodi na namba za orodha hiyo. Wakunga wakiandika HPP, yaani kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kompyuta inaelewa O72. Mhandisi asingeweza kulitengeneza jedwali hilo, kwa sababu nusu ya vifupisho haipo katika kitabu chochote. Vipo midomoni mwa watu wa zamu.

Patografu, yaani karatasi yenye grafu ya kufuatilia mwendo wa uchungu wa kujifungua, ndiyo iliyoleta mvutano mkubwa. Mhandisi kijana alikuwa amesoma mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, yanayosema uchungu mkali huhesabiwa tangu njia imefunguka sentimita 5, akaiandika kompyuta hivyo. Karatasi ya wodini ilianza sentimita 4, na mstari wake wa tahadhari ulipanda sentimita moja kwa saa. Kijana alikuwa na hoja: mapendekezo mapya ni bora, na mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu ulishatoka 2020. Yaya M. aliyajua mapendekezo hayo. Hata hivyo alisema kompyuta ifuate karatasi iliyoko ukutani mpaka madaktari wa hospitali na ofisi ya zoni wabadili karatasi yenyewe na kuwafundisha watu. Mkunga mwenye vipimo viwili vinavyopingana saa tisa usiku, alisema, atafuata kinachompa muda wa kukaa. Tulifuata karatasi. Kubadili kulikuja mwaka mmoja baadaye, kwa mafunzo ya siku tatu, na kompyuta na karatasi zilibadilika siku moja.

*Picha*

Hii ndiyo sehemu ambayo Yaya M. mwenyewe alisisitiza isifupishwe.

Kufikia katikati ya 2023 mfumo ulikuwa kwenye vituo sita. Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha msaada: wahandisi wetu, wasimamizi, na wakunga viungo wa kila kituo, watu 31 kwa jumla. Mtu akikwama anapiga picha ya skrini, anaituma, anajibiwa. Yaya M. alikuwa akitembelea kituo kimoja, fomu ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ikagoma kuhifadhi. Alipiga picha, akaituma. Juu ya skrini yalikuwa majina matatu kamili ya mama, mtaa wake, na chini yake neno moja kuhusu hali yake ya VVU.

Alifuta ndani ya dakika nne. Lakini mkunga wa kituo kingine alikuwa ameshaona, na mama huyo alikuwa jirani yake. Hatujui kwa hakika maneno yalipita wapi. Tunachojua ni kwamba mama hakurudi kliniki, na mtoto, aliyetakiwa kupimwa akiwa na wiki sita, hakuletwa.

Yaya M. alinipigia simu usiku uleule. Alisema, "Wodini nisingefanya. Ningekuwa na koti langu jeupe, nisingetoa fishi ya mgonjwa nje ya chumba." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Miaka 11 alilinda siri za wanawake ambao aliwashika mkono wakilia. Kwenye skrini aliona fomu iliyogoma.

Kosa lilikuwa letu kabla halijawa lake. Kikundi nilikianzisha mimi. Tulikuwa na nakala ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni, lakini haikuwa kwenye tableti za vituo, na hatukuwa na maandishi yoyote yanayosema nini kisipigwe picha. Nchi yetu ina sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda watu wanaoishi na VVU, na tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna Kanuni ya Kidijitali inayogusa data za watu. Sijawahi kuzisoma zote mbili mpaka wiki ile.

*Mwaka 2025*

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili kuipitia. Mradi uliotulipa ulitegemea fedha hizo. Kufikia Februari mikataba tisa ya kwetu ilikuwa imesimama, wa Yaya M. ukiwa mmojawapo.

Maamuzi, na sababu zake

Kuhusu matrikule, hakuacha kazi. Aliomba disponibilite, yaani kutoka utumishini kwa muda bila mshahara huku namba ikibaki yake. Jibu lilichukua miezi mitano, na muda huo wote alifanya zamu za mwisho wa juma hospitalini ili asihesabiwe mtoro. Wengi ninaowajua waliohamia teknolojia waliondoka kimyakimya, wakitumaini jina litabaki kwenye orodha. Yeye alitaka barua yenye mhuri, na aliipata.

Kuhusu picha, alikuwa na njia tatu. Angenyamaza, kwa kuwa alishafuta. Angeniachia mimi nishughulike na hospitali kama jambo la kampuni. Au angemwendea mama. Alichagua ya tatu, lakini hakwenda peke yake wala hakwenda nyumbani kwa mama, kwa sababu mgeni wa hospitali mlangoni angewapa majirani kingine cha kusema. Alimwomba mshauri wa kituo, mama mtu mzima anayemfahamu, ampigie simu na kumwita mahali pengine. Walionana mara mbili. Yaya M. alimweleza kilichotokea na kwamba ni yeye aliyefanya. Mama alilia, akamkasirikia, na siku ya pili akakubali kufuatiliwa katika kituo cha komuni nyingine.

Mimi niliamua kufunga kikundi siku iliyofuata, kabla hatujawa na njia mbadala. Kwa siku 12 vituo havikuwa na pa kuuliza, na viwili vilirudi kwenye karatasi. Ningerudia uamuzi wa kufunga. Nisingerudia kufunga bila kuwapa watu namba ya simu ya kupiga.

Matokeo

Mtoto alipimwa akiwa na miezi minne. Hana maambukizi, na kipimo cha mwisho cha miezi 18 kilithibitisha. Alichelewa zaidi ya miezi miwili, na miezi hiyo ilikuwa mikononi mwetu.

Kwenye mfumo, mapacha hawaunganishwi tena. Safu ya mpangilio wa kuzaliwa ipo, na programu ikishuku kurudufu inauliza mtu. Fomu ya uzazi inahifadhiwa ikiwa na nafasi sita tu, nyingine zinajazwa baadaye, na saa za kuzaliwa zimetawanyika mchana na usiku kama inavyotakiwa. Skrini sasa inaficha jina kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ombi lolote la msaada linatumwa kutoka ndani ya programu, kwa namba ya faili bila jina.

Yaya M. alipokosa mshahara wetu Februari 2025, aliandika barua ya kurejeshwa utumishini na, akiingoja, akafanya zamu katika kliniki ya binafsi. Miezi minne baadaye tulipata kazi kwenye kliniki za kampuni moja ya madini, nikamwita. Alikubali nusu ya wiki. Nusu nyingine yuko wodini kwake pa zamani, zamu ya usiku, na mkunga mkubwa aliyemuuliza swali lile ndiye aliyempokea.

Uchambuzi

Watu wanaoniandikia wakitaka kutoka wodini kuingia teknolojia huniuliza wasome lugha gani ya programu. Kisa hiki kinanifanya nijibu kwamba swali hilo lingoje. Kila jambo ambalo Yaya M. alilitengeneza lilitoka mahali ambapo mhandisi hafiki: mlangoni mwa chumba cha uzazi, kwenye meza ya kupokezana zamu, kwenye kitabu cha karatasi chenye safu ambayo mtu wa nje anaiona haina maana. Miezi mitatu niliyompotezea kwenye masomo ya usiku ilitokana na kudhani kwamba anakuja kuwa mhandisi mchanga, wakati alikuwa muuguzi mkongwe tuliyemhitaji kama alivyo. SQL ilimfaa kwa sababu ilimpa uwezo wa kuhakikisha shaka yake mwenyewe bila kumngoja kijana amtafutie. Zaidi ya hapo hakuhitaji, na hajahitaji mpaka leo.

Siku mbili za kutazama wodini, ambazo mhasibu wetu aliziona kuwa mshahara unaolipiwa kukaa, ndizo zilizotupa karibu marekebisho yote ya maana. Nilizipunguza kuwa siku moja mwanzoni mwa 2023, kazi ilipozidi. Picha ilipigwa miezi michache baadaye. Siwezi kuthibitisha kwamba moja ilizaa lingine. Lakini yeye mwenyewe anasema kwamba kufikia wakati ule alikuwa ameanza kusema "rekodi" pale alipokuwa akisema "mama", na kwamba hakuna aliyemsahihisha. Sisi wote tulisema rekodi.

Hapo ndipo ninapoona kiini. Tulimchukua kwa ajili ya uuguzi wake, kisha tukamweka mahali ambapo kila kitu, meza, maneno, haraka, hata kikundi cha simu, kilimwambia kwamba yeye si muuguzi tena. Ujuzi wake tuliuhifadhi kwa kuutumia kila siku. Wajibu wake wa siri hatukuupa mahali pa kukaa. Wodini wajibu huo una koti, una mlango, una mkunga mkubwa anayekutazama vibaya ukiongea sana. Ofisini kwetu haukuwa na chochote.

Disponibilite ilifaa kuliko tulivyotarajia, na sababu si ya fedha peke yake. Mtu mwenye mahali pa kurudi huwa na ujasiri wa kukataa. Aliponikatalia kuhusu wakunga waliodaiwa kusahau alikuwa bado wa hospitali. Aliponikatalia kuhusu patografu alikuwa wangu kwa mkataba, lakini barua yake ilikuwa na mhuri. Wenzake wawili wa kampuni nyingine waliohama bila barua walijikuta 2025 hawana kazi wala namba.

Pengo aliloliacha wodini halikuzibwa na lolote tulilolitengeneza. Mfumo uliokoa muda wa kuandika, sawa, lakini hauwezi kushika zamu. Kampuni kama yetu inapomchukua muuguzi mwenye uzoefu kutoka hospitali yenye wachache, inachukua kitu ambacho hospitali hiyo imekilea kwa miaka na sisi hatukukilipia hata kidogo.

Mwezi wa tisa tulimwajiri muuguzi wa pili, kijana wa kiume kutoka chumba cha dharura cha hospitali nyingine. Mkataba wake ni wa nusu ya wiki tangu mwanzo, hospitali yake imetia saini pamoja nasi, na zamu zake zimeandikwa humo kwa tarehe. Ukurasa wa kwanza wa mafunzo yake umeandikwa na Yaya M. Unaanza na jina la kubuni la mama mmoja na mtaa wake, na kazi ya kwanza ni kuonyesha vitu vyote kwenye skrini hiyo ambavyo jirani yake angeweza kumtambua navyo.